Moja Mara Tatu

Dirisha langu la dawa, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
lina kioo, na kioo kina tundu
la upana wa kisahani,
na tundu lile fundi alilitoboa chini, usawa wa kifua,
hivyo anayetaka kusema nami huinama kwanza
kama anayeomba radhi.
Miaka tisa sikuliona hilo.
Niliona mikono tu, na vyeti.

Jumatatu ile foleni ilifika kwa muuza kachori.
Bi Mwanjaa wa Mabokweni akapitisha cheti,
nami nikapitisha bahasha,
juu yake nimeandika: 1 x 3.
Nikasema (naikumbuka sauti yangu, ilikuwa na viatu miguuni)
"Moja mara tatu baada ya chakula siku tano usikatishe anayefuata."
Pumzi moja.
Hata lile "anayefuata" huenda alilipokea
kama sehemu ya dawa.
"Umeelewa, bibi?"
"Ee, mwanangu."

Mnaijua ile "ee".
Si jibu.
Ni mlango unaofungwa taratibu
ili usimpige mgeni usoni.

Nyumbani akamwita mjukuu wake, Hiza,
darasa la tatu, bingwa wa hesabu,
amsomee.
Hiza akatazama mara moja tu:
"Moja mara tatu ni tatu, bibi."
Akapata vema.
Hapo ndipo panaponichoma hadi leo.
Mtoto alipata vema.

Bibi akameza tatu kwa mpigo. Kesho yake, tatu.
Jioni wakamleta juu ya baiskeli,
kichwa kimelalia mgongo wa mwanawe,
masikio yanavuma,
akiuliza kwa nini ukuta unatembea.

Nikaanza, "Lakini nilimwam..."
Neno likanikwama kama mwiba wa changu.
Kumwambia, nilimwambia.
Redio ya kinyozi jirani nayo humwambia kila apitaye;
nani amewahi kufika nyumbani na taarifa ya habari nzima?

Alipopata nafuu
nilitoka nje ya kioo, kigoda mkononi.
Tukakaa, magoti kwa magoti.
Nikamuuliza, siku yako huanzaje?
Akaanzia mbali: kuni mbichi, vitumbua,
mkwe asiyeamka,
deni la unga.
Sikumkatiza.
Jamani, kazi ngumu hiyo!
Ulimi ulinipanda na kushuka
kama mwanafunzi anayepunga kidole darasani.
Lakini nilipongoja ndipo nikasikia
kile ambacho tundu halikuwahi kunipitishia:
saa hana.
Ana adhana.

"Basi kimoja ukishapata kifungua kinywa, baada ya alfajiri.
Kimoja chakula cha adhuhuri.
Kimoja cha isha."
Nami sikuuliza kama ameelewa.
Nikasema, "Sasa mimi ndiye Hiza. Nifundishe."

Akanitazama kitambo,
kama anayepima iwapo namdhihaki.
Kisha akatandaza pindo la kanga,
akapanga vidonge vitatu, mbalimbali, kila kimoja na nafasi yake.
"Hiki cha alfajiri. Hiki adhuhuri. Hiki cha kulalia.
Na hiki," akagusa mahali patupu, akacheka mpaka ukaya ukamteleza,
"hiki cha yule anayefuata."

Sasa bahasha zangu nazichora:
jua likichungulia, jua utosini, mwezi.
Kigoda kiko nje, mguu mmoja umeshalegea.
Foleni imerefuka, bosi ananuna,
na wapo wanaosema
huyu wa dawa siku hizi ana maneno mengi.
Waongo. Nimepunguza.

Hiza hupita akitoka shule.
Nilimwambia, hesabu yako ilikuwa sahihi.
Akaweka mkoba chini, akawaza.
"Sasa nani alikosa?"
Nikamsogezea kigoda.