Mita Ngapi za Kuni

Hapa Valdivia kuni hununuliwa Januari,
jua likiwa kali na hakuna anayewaza baridi.
Unasimama uani, kalamu sikioni,
unajiuliza: mita kumi? Kumi na mbili?
Mwaka niliosema kumi zinatosha
tulichoma kabati la mama mkwe mwezi wa Septemba.
Herminda hajasahau.
Yeye hahitaji kuongezewa kumbukumbu.

Leo mvua inapiga mabati ya duka
nami nimesimama mbele ya kaunta ya Yerko
na swali lilelile, ila bila shoka.
"Giga nane kwa barua na picha, mzee.
Kumi na sita ukitaka raha.
Thelathini na mbili, hutarudi hapa mpaka nioe."
"Utaoa lini?"
Akacheka, akajifanya anatafuta bisibisi.

Ameviweka vijiti juu ya kitambaa cheusi:
vyembamba, vya kijani,
vina meno ya dhahabu upande mmoja.
Nimetengeneza saa miaka arobaini na minne;
najua kukiheshimu kitu kidogo chenye bei kubwa.

Ile ya zamani ilikufa polepole.
Haikuzimika. Ilianza kuwaza.
Unabonyeza herufi, unakwenda kuchemsha maji,
ukirudi herufi imefika, hoi kwa safari.
Miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kuifungua kifua.
Kijiti kimoja tu kingeipa pumzi
siku zile vilipokuwa vikiuzwa bado,
lakini nilisema kesho,
na kesho tundu la aina ile likakosa mwenziwe duniani.
Akiba haiozi, husemwa.
Hii huoza ikiwa ingali dukani.

Napiga hesabu nyuma ya risiti ya mkate.
Nina sitini na tisa.
Mashine ikiishi kama ile,
nitakuwa na themanini na miwili.
Nani anamnunulia nani muda hapa?
Naogopa kuchukua chache nikaumbuka,
naogopa kuchukua nyingi
zikabaki zinamsubiri mtu aliyekwisha kuondoka.
Yerko anafuta kioo kilichokwisha kufutwa.
Nyuma yangu mama mmoja anakohoa kwa makusudi,
ana chaja mkononi, na haki yake.

Nampigia Herminda.
Nasikia jiko likinguruma mgongoni pake.
Namweleza nane, kumi na sita, thelathini na mbili,
namweleza bei, namweleza miaka.
"Kabati," anasema.
Neno hilo moja, kisha anakata simu.

Basi thelathini na mbili. Vijiti viwili,
na matundu mawili yamebaki wazi pembeni yake.
"Hayo usiyangojee mpaka ukongwe," Yerko ameninong'oneza,
sikujua anasema ukongwe wa nani.
Nikalipa. Noti zilikuwa na unyevu wa mfukoni.

Usiku nikaiwasha.
Herufi zilifika kabla kidole hakijainuka,
nikaona haya, kama mtu aliyejibiwa
kabla hajamaliza kuuliza.
Mchoro mdogo pembeni ulionyesha:
zinatumika tano. Nyingine zote zimelala.

Herminda akavaa miwani, akasogea,
akaitazama kama anavyolitazama rundo la kuni
mvua za kwanza zinapoanza,
midomo ikihesabu, mkono kiunoni.
"Zitafika Septemba," akasema.

Hakusema Septemba ya mwaka gani.