Kuazima

Mwalimu Shaame ana chaki moja tu, nayo nusu,
anaitumia kuchora mishale.
"Kiswahili," anasema, "kimewazoesha uvivu.
Neno moja, kuazima, mnalitwika mizigo miwili
kama punda wa Limbani:
aendako anabeba, arudiko anabeba."

Kizungu, anasema, hakina mchezo huo.
Anayetoa ana kitenzi chake,
kifupi, ulimi unagonga nyuma ya meno, basi,
mlango umefungwa.
Anayepokea naye ana chake,
kirefu kidogo, mdomo unamalizia mviringo
kama wa mtu anayepoza chai.
Ukikosea, umemgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Tuko kumi na mmoja, darasa la usiku, Wete,
juu ya duka la saruji.
Umeme ukikatika twaendelea kwa tochi za simu.
Mimi nafagia wodi ya wazazi. Nataka cheti.
Nikaandika sentensi yangu:
mama, Bi Raya, na mbuzi ya kukunia nazi.
Ikarudi na duara jekundu.
"Kitu kilitoka wapi? Kikenda wapi?
Chora mshale."

Sikuweza.

Mbuzi ile mfungo huu ilikuwa kwetu,
mfungo ule kwao.
Ilivuka uchochoro na chembe za nazi zetu menoni,
ikarudi na zao.
Meno aliyatia tupa marehemu baba.
Mguu aliupigilia msumari mume wa Bi Raya,
msumari mrefu kupita kiasi, ncha imetokeza upande wa pili,
kila mtoto wa mtaa ana kovu lake.
Kibao kimebonyea pahala pawili:
mama hukalia ukingoni, Bi Raya alikalia katikati.

Bi Raya amekufa mwezi wa Rajabu.
Baada ya arubaini akaja mwanawe, Mbarouk, kutoka Tanga,
na daftari la mirathi,
kalamu sikioni, viatu amevivua mlangoni, adabu tele.
"Mamaangu, niwie radhi, ndiyo sheria,
kila kitu kiandikwe.
Hii mbuzi, mliazima?"

Mama akalaza upawa juu ya chungu. Akafikiri.
"Tuliazima."

Wallahi si uwongo.
Wala si ukweli alioutaka Mbarouk.
Neno lilisimama katikati ya jiko
kama mgeni mbele ya milango miwili,
na yote i wazi.

Akanigeukia mimi, msomi wa nyumba.
Nilikuwa navyo vyote viwili kinywani,
ulimi nyuma ya meno,
midomo tayari kuviringana.
Nikasema, "Kunywa chai, kaka."

Akaandika. Akaitia kwapani,
akavuka nayo uchochoro,
ule msumari ukimchoma ubavuni kila hatua.

Usiku nikamuuliza mama:
kwa hakika, nani alimpa nani?
Akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.
"Tuliazimana," akasema,
na ile silabi ndogo ya mwisho
Mwalimu Shaame hajaichorea mshale.
Au angechora miwili, inayotazamana,
chaki ikamwishia.
Halafu mama hakucheka tena.
Alikaa kitako pale pale jikoni,
juu ya sakafu, ukingoni mwa kitu kisichokuwapo.

Leo asubuhi nazi mbili zimeshavunjwa,
maji yake tumeyanywa.
"Nenda kwa kina Raya," ameniambia,
hakusema marehemu,
"kaniazimie mbuzi."

Nimesimama mlangoni kwao na bakuli tupu.
Hodi ya kwanza.
Hodi ya pili.
Ndani nasikia mtu anakuna.