Kisanduku cha Kiberiti

Eimuntas, kisanduku chako cha kiberiti kimefika.
Nimehesabu: kumi na saba,
ndimi nje, kama waliotaka kusema neno
wakakatizwa.

Aprili tuliugawa mzinga wa marehemu baba,
masega matano kwako, matano kwangu,
tukapeana mikono juu ya kifuniko
kama wachuuzi wasioaminiana.
Wewe ukabaki na shamba karibu na Panevėžys.
Mimi nikapanda lifti na nyuki elfu kumi
hadi paa la kiwanda cha redio kilichofungwa, Vilnius,
na jirani wa ghorofa ya nane akaniuliza
friji gani hii inayonguruma bila umeme.

Ulicheka kwenye simu:
mjini watakula nini, lami?

Walikula mierebi ya ukingo wa Neris.
Walikula maua ya tufaha nyuma ya hospitali,
magugu ya reli, vitunguu vilivyosahaulika vikachanua.
Julai wakala liepa,
mti na mwezi, jina moja katika lugha yetu,
na barabara nzima ikanukia
hata madereva wa mabasi ya nyaya, wenzangu wa zamani,
wakafungua madirisha yasiyofunguka.
Kila kijiko cha asali kilikuwa na siri yake:
nani ajuaye bibi wa ghorofa ya tatu
amepanda nini kwenye kopo la rangi?

Kwako ilikuwa rapa, manjano
mpaka jicho linachoka.
Wiki tatu za karamu.
Kisha ngano. Kisha ngano.
Kisha ngano,
na nyuki akienda kilomita nne kutafuta ua moja
anarudi na vumbi.
Halafu jirani yako, adhuhuri, upepo ukivuma,
akapita na trekta la dawa.

Nilikupigia simu nikakusomea mashtaka.
Nilisema vijijini mmeua,
nilisema baba angeona haya.
Hukujibu. Ulituma kiberiti.

Sasa nikwambie nilichokuficha Agosti.
Juu ya mapaa haya mizinga ilikuwa mitatu,
leo ni thelathini na mmoja.
Benki ina yake. Hoteli ina yake,
na picha ya nyuki anayetabasamu kwenye chupa,
ila hakuna anayefungua kifuniko kutazama majana.
Mzinga wa hoteli ulipodhoofu
wangu walikwenda kuiba,
wakarudi na asali tumboni na utitiri mgongoni.
Nilitia nyuki mia tatu kwenye chupa,
nikawamwagia sukari ya unga, nikatikisa.
Utitiri ukadondoka kwenye sahani nyeupe,
mwekundu, mdogo kuliko ufuta.
Nilifika ishirini na nane, nikaacha kuhesabu.

Wanaozaliwa sasa wana mabawa ya karatasi iliyolowa.
Wanatembea.
Umewahi kumwona nyuki akitembea, Eimuntas,
juu ya lami ya moto,
akielekea ukingo wa paa
kana kwamba huko ndiko kuruka kunakouzwa?

Wako waliuawa na meza tupu na sumu.
Wangu wanauawa na wageni wengi meza moja.
Sijui ni kipi cha kujivunia.

Baba hakuufyeka ukingo wa mtaro,
nasi tukimwita mvivu.

Jumamosi nakuja kwa basi la saa mbili.
Sileti nyuki, wangu ni wagonjwa.
Naleta mbegu za klova ndani ya soksi,
na ile chupa ya sukari, nikuoneshe.
Niwekee jembe.
Ugomvi usianze kabla ya chai.

Nilipotaka kukuandikia niliandika "mizoga kumi na saba",
nikafuta.
Bibi alikuwa akitupiga kwa kosa hilo:
ng'ombe hufa, mbwa hufa,
nyuki hufariki.

Nimewazika kwenye chungu cha jirani wa ghorofa ya nane,
chini ya mnanaa wake.
Akaniuliza ni nini hivyo.
Nikamwambia: jamaa.