Migongo

Miaka kumi na mitatu nimeujua mji huu
kutoka nyuma ya mgongo wa mtu.
Mgongo wa Wafula, koti kalivaa kinyume,
vifungo vinanitazama mimi, kimoja kimelegea uzi,
nami nikidhani ni uvivu wa asubuhi.
Mgongo wa kijana wa Pipeline aliyenukia sabuni ya kipande,
asiyeuliza jina.
Nikifika nagonga bega mara mbili, naye anasimama.
Mgongo wa Ombati, mume wangu, miaka sita,
hadi siku aliponiteremsha bila mimi kugonga,
Jogoo Road, kwenye mzunguko, mvua ikinyesha,
kwa sababu ya maneno.
Maneno yenyewe yamenitoka.
Mshono wa jaketi lake ninao bado.

Leo mbele yangu hakuna mtu.

Saa kumi na robo alfajiri, Umoja,
naisukuma pikipiki ikiwa imezimwa,
tangi limejaa, tumbo halina kitu,
waya wa klachi wa akiba nimeufunga ndani ya leso,
plagi mbili, spana ya kumi na nne,
hema la Gikomba lenye jina la mtu kwa wino,
mtu wa ng'ambo, sijui alilala wapi nalo.
Ekiru, askari wa geti, akanimulika usoni.
"Godoro unapeleka wapi?"
"Ni hema. Lodwar."
Tochi ikashuka.
Kwao ni huko. Mwaka wa tisa hajaenda.
"Peke yako?"
Wiki nzima naulizwa hivyo:
fundi wa Kirinyaga Road, karani wa bima,
mama kwa simu kutoka Nyamira, mara tatu, kisha akakata;
kana kwamba Peke Yako ni mahali,
kituo fulani mbele ya Kitale
penye majambazi.
Sikujibu. Ekiru akafungua fundo langu,
akavuta mpira, akafunga upya
kama watu wanaofunga nyumba nzima juu ya punda
wakahama.
"Hilo," akasema, "utalikata kwa kisu."
Hakutuma salamu. Alifungua geti.

Teke la kwanza, kimya. La pili, kikohozi.
La tatu, ploti yote ikajua.

Kwenye ule mzunguko nilitarajia kitu,
uchungu, au angalau kumbukumbu yenye adabu.
Kulikuwa na mkokoteni wa kabeji
na mwanamume akikojolea ukuta.
Nikazunguka. Kwa ukaidi nikazunguka tena,
kisha nikatoka upande wa mjini.

Baada ya Westlands upepo ukanijia.
Sikuwa naujua. Miaka yote hiyo uliwapiga wao kwanza,
mimi nikaupata umeshachujwa,
vuguvugu, una harufu ya pamba na jasho.
Kangemi ukaingia shingoni, Uthiru ukafika kifuani,
ukakaa pale kama mwenye nyumba.
Ndipo nikaelewa vifungo vya Wafula.

Nikasimama kwenye kituo cha mafuta, Kinoo.
Nikavua koti, nikaligeuza, nikatia mikono kwa mbele,
na vifungo vikabaki huko nyuma
ambako mikono ya mtu mmoja haifiki.
Kilomita ishirini na kitu za uhuru,
na nimeshindwa na vifungo vitano.

Msichana wa pampu, Syombua, jina limeshonwa kifuani,
akaweka chini kikombe chake cha chai.
Hakuuliza naenda wapi, wala na nani.
Alianzia chini, vidole baridi,
kifungo kwa kifungo hadi kwenye ukosi,
akiutazama mgongo ambao mimi mwenyewe
sijawahi kuuona.
Alipomaliza akanigonga begani
mara mbili.

Maisha yangu yote hiyo ni ishara ya kushuka.
Mguu tayari ulikuwa unatafuta ardhi.
Nikauweka kwenye gia ya kwanza.