Ombi la Kuingia Kwenye Tuta

Baba alinipa kalamu, akasema: andika kwa adabu,
ofisi ya reli haipendi kuhimizwa.
Nikaandika: Mimi Zakaria Amukoya, mkazi wa Luanda,
mtega fuko, naomba ruhusa ya kuingia kwenye tuta la reli
kuanzia kalvati ya pili
hadi pale palipokuwa na bango la stesheni,
mimi na nguchiro wangu mmoja, mpole.
Futa "mpole," akasema. Wasije wakadhani tunawabembeleza.

Sababu za ombi:
Fuko hulala kwa serikali na kula kwetu.
Usiku huvuka chini ya ua wa Mama Ayuma,
humaliza viazi vitamu kuanzia chini, taratibu,
huku majani juu yakiendelea kusalimia wapita njia,
na alfajiri wamekwisha kurudi chini ya mataruma,
ambako jembe letu likigusa ni kosa,
bango linasema hivyo
kwa herufi ambazo kutu haijazimaliza.

Nilitaka kuongeza kwamba tuta hilo alilishindilia mwenyewe,
miaka ishirini na sita, nyundo begani,
mnyapara wa genge la saba,
kila taruma akilijua kwa mlio wake.
Akakataa. Hiyo si sababu, akasema, hayo ni malalamiko.

Tulikwenda Kisumu mara tatu.
Mara ya kwanza mwenye muhuri alikuwa amekwenda mazishini.
Mara ya pili tuliambiwa fuko ni wa Kilimo,
nguchiro ni wa Wanyamapori,
shimo ni la Reli.
Na hewa iliyomo shimoni, Baba akauliza, ni ya nani?
Karani hakucheka. Kijana, shati limenyooka kwa pasi,
mezani ana chupa ya maji na kalenda yenye picha ya gari moshi.
"Mzee, reli ile haijafa. Imelala tu."
Baba akamtazama
kama mtu anayesimuliwa na mgeni habari za mkewe.

Mara ya tatu tulibeba mkia wa fuko ndani ya bahasha.
Karani alifungua, akafunga upesi.
Muhuri ukalia.

Ruhusa: siku moja, Jumanne, saa kumi na mbili hadi saa sita.
Kokoto zisihamishwe.
Mnyama aendeshwe kwa kamba.
Mwombaji akisikia treni, aondoke njiani mara moja.
Sharti hilo la mwisho Baba alilisoma mara mbili,
akaikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na ugoro.

Jumanne, umande haujakauka,
Inspekta (ndilo jina la nguchiro,
kwa sababu yule wa zamani hakuwahi kushuka
kutoka kwenye kiberenge chake)
alinusa tundu la kwanza, akalidharau,
la pili akazama,
kamba ikakimbia mkononi mwangu, ikanichoma, ikatulia.

Majirani wamejipanga ukingoni.
Mama Ayuma ameshika noti ya hamsini, malipo ya mkia wa kwanza,
ameikunja ndogo kama dawa.
Baba akapiga magoti, goti moja,
halafu lile jingine linalogoma,
akaweka sikio juu ya chuma.
"Wangapi?" nikanong'ona.
Akainua kidole: ngoja.

Nikangoja. Jua likafika kwenye mataruma.
Kamba ikacheza mara moja, mara mbili.
Hakuitazama.

Fomu ya kurudisha ofisini niliijaza mimi, jioni, kwa taa.
Fuko waliotolewa: kumi na mmoja.
Kokoto zilizohamishwa: hakuna.
Treni zilizosikika:
nikaandika hakuna.

Baba akanyoosha mkono, akachukua kalamu,
akalikata neno langu kwa mstari mmoja,
na mahali pake hakuandika kitu.