Bega

Saa kumi na mbili na dakika arobaini, asubuhi ya Novemba.
Wietske anatua kikombe cha kahawa
juu ya duara la kikombe cha jana,
anaanza kupita kilomita kwa macho.
Kamera ya kwanza: lami, mvua.
Ya pili: lami, mvua, kunguru anavuta kitu.
Ya tatu anaikazia. Ni kipande cha tairi tu,
kimelala nje ya mstari mweupe kama nyoka aliyekufa zamani.

Kule barabarani njia tatu zimekwama.
Taa nyekundu zimeungana mkia kwa mkia hadi Utrecht,
na ubavuni mwao bega la barabara li wazi,
upana wa gari moja, halina hata nzi.
Kila dereva analitazama
kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya mgonjwa.

Kazi yake ni kulifungua.
Mshale wa kijani, kilomita tisa, na mji upumue.
Ila kwanza atazame, kamera moja moja.

Ya kumi na nne: gari dogo, boneti juu,
nyuma yake trela, na kwenye trela mashine ya kufulia
iliyofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Mzee amevuka kingo za chuma,
amesimama kwenye majani, kofia mkononi,
kama aliyekuja kuiomba radhi barabara nzima.

"Elfu nne wanangoja, Wietske."
Ni Tjeerd, msimamizi, nyuma ya kiti chake.
"Na mmoja," anajibu. Hageuki.

Bega hubeba.
Bega hilohilo ndilo tunaloegemea tukichoka.
Lakini nani amewahi kumwegemea mtu
aliyejitwika gunia?

Gari la kuvuta linakuja taratibu, taa za manjano zikizunguka,
linapita palepale begani,
hakuna kwingine pa kumfikia.
Dakika ishirini na mbili. Simu inalia, inanyamaza, inalia.
Mashine ya kufulia inaondoka kwanza kwenye picha,
kisha mzee, aliyeketi mbele akifuta miwani.

Linabaki doa la mafuta, lenye rangi saba kwenye mvua.

Wietske anarudi kamera ya kwanza.
Kunguru ameondoka.
Anapita zote tena, kahawa imepoa,
ndipo anabonyeza.

Dereva wa mbele anasita, gurudumu moja juu ya mstari,
kama mtu anayeingia kwa jirani kupitia mlango wa uani.

Wa pili hasiti.