Daftari la Mweka Hazina

Chama kilizaliwa Muyeye, nyuma ya kanisa la mabati,
Jumatano, baada ya kwaya, mvua ikitishia.
Akidi ilikuwa watu kumi na tisa.
Tulitimia kwa kumhesabu mtoto wa Mbeyu, mgongoni, amelala.

Katekista Ngumbao alisimama na chumvi kiganjani,
chumvi ya Gongoni, iliyomla nyayo miaka kumi na mmoja.
"Hii iko kwenye kila meza," alisema,
"ila aliyeikwangua hana meza."
Kisha akauliza: mkate ukimegwa Jumapili ni wetu sote,
mbona Jumatatu una mwenyewe?
Hakuna aliyejibu. Tulipiga muhuri.

Chama cha Mkate Mmoja.
Ada: shilingi ishirini, au kuku, au siku ya kulimia mjane.
Faini ya kutamka "changu" au "chake" kikaoni: shilingi tano.
Nimeandika hapa: Jefwa, kuku (mdogo).
Nimeandika: barua ya askofu imesomwa, imekunjwa.

Tuliomba nembo ya mkate, tukapewa mwavuli;
mwaka ule hata mawingu yalitucheka.
Mshindi aligawa unga na leso.
Sisi tuligawa ilani, tena ya herufi ndogo.
Kura mia mbili na saba.
Ngumbao alizihesabu kama mtu anayehesabu jamaa.

Tulivunjika mwaka wa tatu, wala si kwa fedha,
fedha ipi?
Bi Zuhura wa Shela alikuja na kiti chake cha kamba,
amelipa ada, amelima kwa wajane wanne.
Wakasema: jina la Kristo limo katika katiba.
Tsuma akasema: na njaa imo katika nyumba, yeye hajaiuliza dini.
Tukapiga kura. Tisa kwa nane.
Zuhura akavaa ndara mlangoni, akaaga vizuri mno,
akaacha kiti.

Ile ya tisa ilikuwa mkono huu.
Wino ni huu huu.

Baadaye walibaki watano, kisha Ngumbao na kikohozi chake,
kisha mimi na daftari.
Juzi msajili ameleta fomu ya kutufuta.
Ofisi: hakuna. Wanachama: nikachora mstari.
Mali ya chama:
nikatazama pembeni, kamba zimelegea,
sijawahi kukikalia.
Nikaandika: kiti kimoja, chake Zuhura.
Kisha nikajitoza shilingi tano.